Meno ya Kusema Dhali

Siku ya Jumanne, mwisho wa Novemba, mke wangu Zuhura aliacha kuswali nyuma yangu.

Alfajiri tunaswali nyumbani, kwa sababu Berea, mtaa wetu hapa Johannesburg, saa ile haimpendi mtu anayetembea peke yake. Miaka ishirini na sita mimi mbele, yeye nyuma. Asubuhi ile nilikimu, nikageuka, mkeka wa nyuma mtupu. Zuhura alikuwa jikoni anakanda unga wa maandazi.

"Nimeshaswali," alisema.

"Umeswalije na mimi bado?"

Akaendelea kukanda. Zuhura ni mtu wa Pangani, hana kawaida ya kumeza neno, kwa hiyo nilipomwona anameza, nilijua neno lenyewe si dogo. Mwishowe alijifuta mikono.

"Bakiri, unasema allazina. Kwa zeta, si kwa dhali. Tangu uvae hayo meno. Nilingoja uyazoee, naona hamzoeani."

Niliingia bafuni, nikafunga mlango, nikaisoma Alhamdu mbele ya kioo. Nilipofika pale, ulimi ulitaka kwenda kwenye ukingo wa meno ya juu, kama ulivyofundishwa Tanga kwa fimbo tangu nina miaka sita. Ulipoondoka tu mahali pake, meno ya chini yakaelea. Ulimi ukarudi mbio kuyakamata yasianguke, na herufi ikatoka zeta tupu. Nikarudia mara tisa. Mara tisa zeta.

Kinywani sina jino langu hata moja. Sukari na fizi mbovu viliyamaliza, ya mwisho nikang'olewa hospitali ya serikali mwaka jana. Nilipochoka kula uji, nilikwenda kwa bwana mmoja anayetengeneza meno nyuma ya duka la magodoro, akanitoza randi elfu mbili na mia mbili kwa sahani mbili, ya juu na ya chini. Ya juu ilishika, ingawa meno yake aliyapanga ndani mno. Ya chini haikuwahi kushika. Ulimi wangu ukageuka askari wa zamu, saa ishirini na nne unalinda sahani ya chini, na askari wa zamu hana ruhusa ya kwenda kutembea kwenye herufi.

Huenda msomaji akasema, herufi moja tu, mzee, unalia nini? Mimi ni mshona kanzu na sare za shule, lakini watu wa hapa hawaniiti fundi, wananiita Ustadhi. Ghorofa ya chini ya jengo lenye duka langu kuna msala, chumba cha kuswalia, zamani ulikuwa gereji, na kwa miaka kumi na minne ndiye mimi imamu wake. Na sisi tuliosoma kwa madhehebu yetu tunajua: asiyeweza kuzitamka herufi za Alhamdu, swala yake mwenyewe inaswihi, maana Mungu hamkalifishi mtu asichokiweza. Lakini hamswalishi anayeziweza. Wale walio nyuma yake swala zao zimekwenda bure, wakijua lazima wazirudie. Hili nimelisomesha mwenyewe, nikilichora ubaoni kwa chaki.

Nilihesabu kwa vidole pale bafuni. Tangu nivae yale meno ilikuwa wiki saba. Watu arobaini, wiki saba.

Niseme wazi, sikumwogopa Mungu kwanza. Niliwaogopa watu, na kati ya watu nilimwogopa mmoja, Jean-Paul.

Jean-Paul ni Mrundi, alisilimu ukubwani, jina la kwenye makaratasi hakulibadilisha kwa sababu makaratasi yenyewe alihangaika nayo miaka sita. Miaka mitatu iliyopita, jioni moja ya mgomo wa teksi, nilichelewa magharibi, na watu wakamtanguliza yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwepo wa umri. Niliingia nikamkuta kwenye rakaa ya kwanza, anasema allazina waziwazi. Nilisimama mlangoni mikono nyuma nikangoja atoe salamu. Kisha nikasema mbele ya wote, "Rudieni. Huyu ulimi wake haujafika Alhamdu." Watu walicheka. Wakarudia nyuma yangu, na yeye akarudia pamoja nao. Tangu siku ile mabarobaro wakamwita Imamu Zeta, na yeye akahamia safu ya mwisho, karibu na viatu. Hukumu niliyoitoa ilikuwa ya kitabu. Namna nilivyoitoa ilikuwa yangu mwenyewe.

Sasa Zeta ni mimi.

Jioni ile nilijitia kikohozi. Nilimsukuma mbele Suhaib, kijana wa Unguja anayefunga umeme kwenye majengo, ana sauti nzuri na herufi safi. Kesho yake tena kikohozi. Watu wakaniletea tangawizi na asali, na kila kikombe nikakinywa mbele yao. Ramadhani ilikuwa imebaki miezi miwili na nusu, na wao walishaanza kuulizana Ustadhi atapona lini.

Dukani kwangu nilianza kukwepa maneno. Fedha nikaiita pesa. Adhuhuri nikaiita swala ya mchana. Suruali ya randi mia na thelathini niliiuza mia na ishirini, kwa sababu nilipofungua kinywa kutaja bei niliona thelathini inakuja na sikuwa na mahali pa kuipitisha. Mteja alifurahi, akasema Mungu anibariki. Hapa ninapoandika ninazitamka zote sawasawa, karatasi haihitaji meno.

Wiki hiyohiyo, pale kwenye robot, taa za barabarani, mtu alinipa tangazo: meno ya skrubu, yasiyoelea, kuanzia randi elfu kumi na nne mia tisa tisini na tisa. Nililikunja likaingia kwenye kofia. Jumamosi nilipanda teksi hadi Mayfair kwa daktari mmoja wa meno, mama wa Kihindi mpole, akanipiga picha za taya, akaniambia mengi kwa Kiingereza cha haraka na kunipa karatasi tatu. Bei ya tangazo sikuiona popote. Niliona elfu hamsini na kitu, nikaona laki na sitini na kitu. Nilirudi nyumbani nikamwekea Zuhura karatasi mezani.

Zuhura alizigeuza karatasi juu chini. "Jean-Paul anafanya kazi ya meno," alisema. "Yuko kwenye maabara inayowachongea madaktari."

"Mwingine hakuna?"

"Unatafuta fundi, au unatafuta mtu ambaye hujamkosea? Maana wa pili hao ni wachache."

Zuhura alimpigia simu, na Jumatatu Jean-Paul alikuja dukani kwangu akitoka kazini, vumbi jeupe la plasta kwenye nyusi. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo Ustazi," nikaona haya. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasoma karatasi zote, na lile tangazo, mpaka mwisho kabla ya kusema neno.

"Eish. Hii bei ya tangazo ni ya skrubu moja peke yake," alisema. "Bila jino, bila picha, bila kitu. Na hii ya laki na sitini na tano ni taya moja tu, si kinywa kizima. Watu wengi wanaanguka hapo."

Akachukua chaki yangu ya kupimia nguo, akanichorea juu ya meza. Njia ya kwanza, sahani mpya za kawaida, nzuri kuliko nilizonazo, elfu tisa na nusu zote mbili, na gundi ya kila asubuhi. Lakini mfupa wangu wa chini umeshakuwa bapa, zitaelea tu, polepole zaidi. Njia ya pili, skrubu mbili za titani kwenye mfupa wa mbele chini, na sahani ya chini inabanwa juu yake kwa vifungo viwili, unaivua mwenyewe kuiosha.

"Samani yake elfu hamsini na nane," alisema. "Na ya juu mpya ya kawaida, elfu tano."

Samani ni makabati na viti, nilitaka kumwambia, sema thamani. Nilifunga kinywa. Mimi mwenyewe ningesema samani.

Njia ya tatu ilikuwa skrubu nne na meno yasiyotoka kabisa, ile ya laki na sitini na tano, na kwangu ingetaka kuongezwa mfupa kwa sababu nyuma ni mwembamba. Hapo aliinama kwenye karatasi, akasoma maneno mawili kwa kidole.

"Bovine. Kwa Kifaransa ni bovin, ng'ombe. Unga wa mfupa wa ng'ombe, donc, basi, huu hauna neno. Lakini ngozi ya kufunikia wameandika porcine." Akaniangalia. "Hiyo ni nguruwe, Ustazi. Iko nyingine isiyo ya mnyama, lazima uulize, na ina bei yake."

Nilikuwa nimeshakaribia kuweka sahihi pale Mayfair bila kujua naweka sahihi nini. Njia ya nne ilikuwa chuo kikuu, wanafunzi wanafanya chini ya walimu wao, bei nafuu sana, foleni mwaka mmoja na zaidi.

"Skrubu zikiingia, zinangoja miezi minne zishikane na mfupa," aliendelea. "Kabla ya hapo mimi natengeneza meno ya nta, unayajaribu. Daktari anafuata nta ili ajue skrubu zikae wapi. Sasa niambie, unayataka kwa kula, au kwa kusema?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Kubwa. Kwa kula, meno ya mbele juu nayaweka ndani kidogo, yasiinue sahani ukiuma. Kwa kusema nayatoa nje, ulimi upate pa kugusa. Mtu anachagua."

Alikuwa ananitazama usoni, mikono magotini. Huyu ndiye aliyepita safu zote akaenda kukaa na viatu kwa ajili ya neno langu. Nilifikiri, nikimwambia leo, kesho Berea nzima inajua.

"Kula," nilisema.

Usiku sikulala. Nilimweleza Zuhura hesabu, jumla elfu sitini na tatu, na pesa tuliyonayo ni ya mabati ya nyumba yetu Tanga. Alisema paa halisomi Alhamdu, toa. Sikumwambia nilichomjibu Jean-Paul. Mwanamke anatoa mabati yake ili nipate herufi, na mimi nimeagiza meno ya nyama choma.

Wiki moja baadaye Jean-Paul aliniita maabara, mchana, wenzake wamekwenda kula. Mezani palikuwa na taa ndogo ya moto, visu vya nta, na kinywa changu kizima kimesimama juu ya plasta. Aliniingizia meno ya nta kwa vidole vyepesi. "Uma," alisema. Nikauma. Yalikaa vizuri. "Daktari wako anataka nimpelekee saa tisa. Akishachora skrubu, hatusogezi tena. Uko sawa?"

Nilijaribu herufi kimyakimya, midomo imefungwa. Ulimi ulikwenda mbele ukatafuta ukingo, ukakwama nyuma ya meno. Meno yalikuwa ndani, kama nilivyoagiza. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini. Jean-Paul alishaanza kufungua kisanduku cha kuyasafirishia.

"Ngoja," nilisema. "Nilikudanganya. Si ya kula."

Akasimama.

"Ya kusema. Nasema zeta, Jean-Paul. Nasema allazina. Wiki saba nimewaswalisha hivyo, na wewe ukiwamo. Kikohozi sina."

Alizima taa ya moto, kisha akaiwasha tena. Nilingoja acheke, na nilijiambia akicheka sitakasirika.

"Ungesema mwanzo," alisema, "nisingepoteza nta."

Akayatoa meno kinywani mwangu, akayashika juu ya moto, akayalainisha. "Mimi hiyo tofauti siisikii, Ustazi. Zeta na hiyo yako, kwangu ni sauti moja. Siwezi kupanga jino kwa sauti nisiyoisikia. Nionyeshe ulimi unakaa wapi."

Nikamwonyesha. Bila meno siwezi kuitamka, kwa hiyo nilimwonyesha kwa kidole, kinywani mwake yeye. Ncha ya ulimi itoke kidogo, kidogo tu, iguse ukingo wa meno mawili ya juu. Usiume. Iache pumzi ipite juu ya ulimi, na sauti itoke kooni. Alisogea mbele ya kioo kidogo cha ukutani, akatoa ulimi, akapuliza. Ilitoka zeta. Nikamwambia ulimi mbele zaidi. Ikatoka nusu. Akapuliza tena, polepole, macho kwenye kioo, na kinywani mwa Jean-Paul ikatoka dhali, nyepesi, safi, kama ya mwalimu wangu wa Tanga.

Aliisikia. Nilimwona akiisikia, maana aliganda.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Imechukua dakika tano," alisema.

Niliinamisha kichwa. Miaka yote ile nilikuwa najua amekosea, na siku moja nilimwambia amekosea mbele ya watu, na sikuwahi hata mara moja kumwonyesha ulimi unakaa wapi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Ya kuwachekesha watu hakunituma mtu.

"Niwie razi," nilisema. Razi. Hata neno la kuombea msamaha lilitoka na zeta yake.

Alikuwa anasogeza jino la nta kwa ncha ya kisu, kidogo sana, upana wa uzi. Hakuinua macho. "Kosa langu ulilitangaza mbele ya watu, Ustazi. Msamaha unaniletea hapa mbele ya plasta."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja kipimo. Akaniingizia meno tena, akaniambia nijaribu, akayatoa, akasogeza, mara nne, mpaka ulimi ulipofika ukaukuta ukingo unaungoja. Ya chini bado ilielea, herufi haikukamilika, lakini nilijua mahali pake pako. "Skrubu zitamaliza," alisema. Saa tisa kasoro tano alitoka mbio na kisanduku.

Skrubu niliwekewa Alhamisi, zote mbili, chini ya dakika arobaini. Daktari alisema nihesabu miezi minne. Ilimaanisha Ramadhani itapita na zeta yangu, na Idi pia, na kikohozi cha miezi minne hakuna atakayekiamini.

Jumapili magharibi mvua ilikuwa imenyesha, msala umejaa, harufu ya viatu vilivyolowa. Suhaib alishasogea mbele kwa mazoea. Nilimgusa bega nikasimama pale mimi. Watu walitabasamu, wakadhani nimepona. Uso wangu ulikuwa bado umevimba. Nilitamani sana nikohoe.

Niliwaambia. Maneno yalikuwa machache na mengi yalitoka vibaya, lakini safari hii sikuyakwepa. Nilisema ulimi wangu umepoteza zali, tangu nivae meno haya, na swala za wiki saba zilizo nyuma yangu wazirudie, na siwaswalishi tena mpaka nipone, nikipona. Suhaib aliuliza taratibu, "Wiki saba, Ustadhi? Zote?" Nikasema zote. Mzee mmoja wa mbele alivuta pumzi ndefu akaangalia mkeka, na nilijua anahesabu kwa vidole.

"Na kuna jambo la pili," nilisema. "Miaka mitatu iliyopita nilimwaibisha mtu humu ndani kwa herufi hiyohiyo. Nilipaswa kumfundisha, nikamfanya kichekesho kwenu. Namwomba razi mbele yenu, kwa sababu nilimvunjia heshima mbele yenu. Jean-Paul."

Watu waligeuka kutazama kwenye viatu. Hakuinuka. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa msamaha, ila aliona nilichotaka kukifanya. Nilikwenda mpaka safu ya mwisho, watu wakinipisha, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Alikuja nami mpaka mahali pa imamu. Suhaib alimpisha, nikamwona mmoja wa mabarobaro anafungua kinywa na mwenzake anamkanyaga mguu.

Nilisimama safu ya kwanza, nyuma yake hasa. Ukiacha siku za kikohozi, sikuwa nimesimama pale miaka kumi na minne. Alikabiri. Alisoma taratibu, kwa lafudhi yake ya Bujumbura, aya kwa aya, na kila aya iliyokwisha nilizidi kuogopa, maana kama angesema zeta mbele ya watu hawa kwa mara ya pili ingekuwa mimi tena niliyemsukuma. Alipofika pale alinyamaza kidogo. Nilijua ulimi wake unatafuta ukingo.

"Alladhina," alisema.

Nzima, safi. Tuliitikia amin. Kisha, kama inavyompasa anayefuata imamu, nikaanza Alhamdu yangu mwenyewe kwa sauti ya kujisikia mwenyewe tu, nikaenda nayo vizuri mpaka pale, na nyuma ya mgongo wa Jean-Paul nikasema allazina.